Nem za Mama Thi

Mzee Massamba Ndiaye alipoacha kula nyumbani kwake, hakuacha kwa ugonjwa wa tumbo wala kwa hasira. Aliacha kwa sababu alikuwa mgahawani. Kila siku baada ya adhuhuri alivaa koti lake la kijivu, akatoka chumbani, akakaa kwenye meza ndogo ya chuma iliyo uani chini ya ngazi, akatandaza kitambaa mapajani, akangoja kuhudumiwa. Binti yake Yacine akija na bakuli la wali na samaki, mzee alimtazama kwa adabu, kama mteja anavyomtazama mhudumu mgeni kazini.

"Dada, sikuagiza hiki. Niliagiza nem."

"Baba, ni wali wako. Nimeutia mhogo na kabeji, kama unavyopenda."

"Wali nitakula nyumbani. Na usiniite baba, bosi wako atadhani nakutongoza."

Nem hakuna asiyezijua Dakar. Ni karatasi ya mchele iliyoviringwa ndani yake nyama ya kusaga, kamba, tambi na karoti, ikatumbukizwa kwenye mafuta mpaka ikakauka ikawa ya kuvunjika kwa meno. Mgahawani huletwa mwanzo, kabla ya chakula chenyewe, pamoja na majani ya saladi na mnanaa wa kuifungia, na kibakuli cha sosi ya samaki ya kuchovyea. Waliotuletea ni wanawake wa Kivietnam walioolewa na askari wetu, wale waliopelekwa vitani huko na Wafaransa wakarudi na wake. Mama Thi alikuwa mmoja wao. Mumewe alikuwa Sajenti Diop, na mgahawa wao ulikuwa hapa hapa kitongoji chetu cha Medina, mitaa michache kutoka kwetu: meza chache, feni moja, kalenda ya benki ukutani. Mzee Massamba alikula pale kila Jumamosi na mkewe Khoudia tangu wakiwa wachumba. Sasa Sajenti amekufa, Mama Thi amekufa, Khoudia amekufa, na pale palipokuwa na mgahawa pana duka la vipuri vya pikipiki. Mzee alikuwa ndiye mteja pekee aliyebaki.

Mimi ni Ngoné Diop, fundi cherehani, na mlango wangu unatazamana na wa Yacine. Sina undugu na yule Sajenti. Akina Diop tumejaa nchi nzima kama nzi wa sokoni. Lakini kwa kuwa mimi ni Diop na wao ni Ndiaye, sisi ni watani. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako na wewe utacheka, na wakwe nao watacheka. Miaka yote niliyoingia ule ua, Mzee Massamba aliacha alichokuwa akifanya ili anitukane kwanza. Ugonjwa ukaja ukamchukulia jina la binti yake, ukamchukulia nyumba, mwaka na msiba wa mkewe. Utani ukauacha.

"Nani huyo anayeingia bila hodi?" aliuliza siku moja nikiwa na kitambaa cha mteja begani.

"Ni mimi, Ngoné Diop."

"Diop!" Uso wote ukamfunguka. "Mtumwa wangu! Nani kakuruhusu kuingia mgahawa wa watu wastaarabu? Jamani, ficheni sahani!"

"Mtumwa ni wewe, Ndiaye. Babu yako aliuzwa kwetu kwa sahani moja ya wali, na chenji tukarudishiwa."

"Wali huo mliutoa wapi nyinyi walafi? Diop akiona wali hauoni tena mlango!"

Alicheka mpaka akakohoa. Yacine alikuwa amesimama na bakuli lake, wali umeanza kupoa, anatuangalia.

"Wewe anakujua," aliniambia baadaye pale mlangoni.

"Hanijui. Anaujua ukoo."

"Basi ningezaliwa Diop."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Yacine si mtu wa kucheka ovyo. Ana saluni ya kusuka chumba cha mbele, na hata huko wateja wanakuja kwa sababu ya mikono yake, si kwa sababu ya maongezi. Mumewe waliachana zamani. Kaka zake wawili wako Italia, na katika jambo hili mchango wao ulikuwa ushauri, nao waliutuma kwa wingi.

Shida ilikuwa nyepesi kuieleza. Mzee hakula. Maziwa alikunywa kidogo, na maji ya sukari, kwa sababu hata mgahawani mtu hunywa kitu akingoja. Bakuli la pamoja hakutaka hata kulikaribia. Nani anakula bakuli moja na wahudumu? Yacine alimpakulia kwenye sahani yake peke yake, akaweka uma na kisu. Alishukuru, akasogeza sahani pembeni, akasema atangoja nem zake, na mkewe ambaye amechelewa kidogo. Suruali ikaanza kumvuka. Yacine akamtobolea tundu jipya kwenye mkanda, kisha lingine. Daktari wa zahanati alimpima, akamwambia Yacine bila kuzunguka kwamba hali ikiendelea hivi mzee atalazwa na kuwekewa mpira puani, na kwamba kwa umri wake wengi wakiwekewa mpira hawatoki tena hospitalini.

"Sitaki anikumbuke," Yacine aliniambia siku ile aliporudi kutoka zahanati. "Hilo nimeshaliacha. Nataka ale tu."

Nitasema kweli: sikumwamini sehemu ya kwanza. Lakini sikubisha.

Alianza kwa kununua. Dakar nem zinauzwa kila kona, na Yacine alinunua za mgahawa wa mjini, za mwanamke wa kituo cha mafuta, na za Mvietnam mmoja wa kweli kabisa aliyeko karibu na bandari. Mzee alizipokea kwa furaha zote. Alivunja moja katikati, akainusa, akairudisha kwenye sahani kama mtu aliyepewa kiatu cha mtu mwingine.

"Dada, mmebadilisha mpishi?"

"Hapana, mzee. Ni yule yule."

"Basi mwambie Mama Thi apumzike. Leo mkono wake si wake."

Ndipo Yacine akaamua kuzipika mwenyewe. Alinunua karatasi za mchele, uyoga mkavu mweusi, tambi nyembamba na chupa ya sosi ya samaki inayonuka mpaka barabarani, akafunga saluni mchana, na mteja mmoja akarudi kwake amesukwa nusu ya kichwa.

Siku ya kwanza nilikuwepo, na sitaisahau kwa sababu gauni langu lina alama mpaka leo. Sisi wanawake wa Dakar tunajua kukaanga kitu kimoja, samaki, na samaki tunamkaanga kwa mafuta ya karanga yaliyochemka mpaka yananguruma. Yacine aliyachemsha hivyo hivyo. Karatasi alikuwa amezilowesha kama nguo za kufua, zikalegea, zikachanika, akaziviringa hivyo hivyo kwa ukaidi. Nem ya kwanza ilipogusa mafuta ilipasuka. Ya pili ikapasuka. Kamba mmoja aliruka akatua kwenye ngazi. Tulikimbilia nyuma ya mlango tukiwa tumejifunika vifuniko vya sufuria.

"Mnapigana na nani huko jikoni?" mzee aliuliza kutoka mezani.

"Na chakula chako!" nilimjibu.

"Diop na chakula! Aliyeshindwa ni chakula!"

Zilizopona Yacine alimpelekea. Mzee aliuma kipande, akatafuna muda mrefu huku akitazama mbinguni.

"Dada, humu ndani kuna samaki aliyetoroka."

Alikuwa amepatia. Mikono ya Yacine, bila kumuuliza mwenyewe, ilikuwa imetwanga vitunguu saumu, kotimiri na pilipili, ule mchanganyiko tunaomshindilia samaki wa wali, ikautia ndani ya nyama. Miaka yote ya kupika inakaa kwenye mikono, na mikono haisikii. Alijikamata na mara ya pili akifanya hivyo hivyo, akapiga kelele peke yake jikoni kama mtu anayefukuza paka.

Akajifunza. Mafuta akayapunguza moto. Karoti akazikamua. Karatasi akazipitisha tu kwenye maji, upande huu na upande ule, akaziacha zilainike zenyewe juu ya kitambaa. Akawa anaviringa vizuri, kwa vidole vya msusi, zote saizi moja. Ladha ya ndani ikaanza kufanana, hata mimi niliikumbuka, maana pale kwa Mama Thi tulikula sote, harusi hata misiba. Lakini zilitoka nyeupe. Ukizikaanga sana zilikuwa ngumu kama kucha, ukizikaanga kidogo zilikuwa za kutafunwa kama mpira, na kwa vyovyote vile zilikuwa nyeupe.

"Mbona leo zina uso wa mgonjwa?" mzee aliuliza, akaziacha.

Aliyetushauri tumtafute Odile nilikuwa mimi. Odile ni binti wa Mama Thi na Sajenti, anauza vitambaa sokoni Sandaga, mwanamke mwenye macho ya mama yake na ulimi wa Medina. Nilimfahamu kwa sababu ya vitambaa. Tulimkuta amekaa juu ya marobota yake anakula karanga.

"Miaka yote hamkunikumbuka," alisema, "leo mmenikumbuka kwa ajili ya nem!"

"Odile, dada yangu, ni kwa ajili ya baba," Yacine alisema.

"Mzee Massamba? Wa Jumamosi?" Akaacha kutafuna. "Bado yuko hai?"

"Kwa sasa."

Odile alitusogezea robota la kukalia. Alitueleza kila kitu: nyama kiasi gani, uyoga uloweshwe muda gani, kwamba mama yake alitia ndizi mbichi kidogo iliyokwaruzwa badala ya kiazi, na kwamba alikaanga mara mbili. Yacine alisikiliza huku midomo ikitembea.

"Na rangi?" aliuliza. "Zangu ni nyeupe."

"Hapo ndipo sijui." Odile alifuta mikono. "Ilikuwa kwenye maji ya kulowesha karatasi. Alikuwa anatufukuza jikoni. 'Tokeni, nalowesha!' Kaka yangu mkubwa alidhani anaswali dini ya kwao. Mimi mwenyewe nimejaribu sukari kwenye maji. Rangi inakuja, ladha haiji. Na nikwambie jambo lingine: baba alipokufa, za mama nazo zikatoka nyeupe. Mwenyewe, kwa mikono yake! Wateja wakasema huzuni imemkata mkono. Mama hakubisha. Mwaka haukwisha akafunga mgahawa."

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Aliniambia, 'Kitu kimoja sina.' Nikadhani anamwongelea baba. Ungeuliza tena wewe?"

Tulirudi na jibu nusu. Yacine alitia sukari kwenye maji, na kweli, nem zikatoka na rangi ya dhahabu, nzuri mpaka mimi nikala nne kabla hajanipiga mkono. Mzee alipoziona aliketi wima. Alifunga moja kwa jani la saladi, akachovya, akala nusu. Nusu nzima! Yacine alinishika mkono akanibana mpaka kucha zikaingia. Kisha mzee akaiweka ile nusu nyingine chini.

"Zinaelekea," alisema kwa huruma. "Mwambie mama zinaelekea. Lakini kuna kitu kinapita puani mwishoni, hicho hakijapita."

"Mnanaa," Yacine alisema tulipokuwa jikoni. Alikuwa ameng'aa macho. "Ngoné, ni mnanaa! Si ule wa kufungia. Ulikuwa uko kwenye nem yenyewe, unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilishangaa sikuwahi kuliwaza. Siku iliyofuata alikatakata mnanaa akautia ndani pamoja na nyama. Kwenye mafuta majani yakageuka meusi, na nem zikawa chungu, na zikaonekana kwa nje kama zimeingiliwa na wadudu. Mzee alizitazama tu. Hata hakuzinusa. Aliomba radhi kwa mhudumu, akasema atamngojea mkewe.

Baada ya hapo akawa anadhoofika haraka. Asubuhi moja hakuweza kuvaa koti peke yake. Akawa anasinzia kwenye kiti cha mgahawa wake huku kitambaa kimeanguka chini. Mwishoni mwa wiki daktari alisema aletwe Jumatatu, kitanda kipo. Yacine alikunja nguo za mzee, akaweka kanzu, taulo, tasbihi na kandambili kwenye mfuko, akauweka mfuko karibu na mlango. Sijawahi kuona mtu akikunja kanzu kwa hasira namna ile.

Jumapili alasiri nilikwenda kukaa nao. Sikuwa na la kusema, na mimi nisipokuwa na la kusema nachemsha chai. Nilileta jiko langu dogo la mkaa, birika, bilauri na majani, nikakaa uani karibu na meza ya mzee. Alikuwa amelaza kichwa ukutani. Yacine alikuwa jikoni akiviringa nem za mwisho. Alijua hazitaliwa, lakini kamba alikuwa ameshawanunua.

Chai yetu haina haraka, majani yale yale huchemshwa mara tatu. Ya kwanza ni chungu, tukainywa. Ya pili ni ya wastani, tukainywa nayo, mimi na bilauri yangu, Yacine na yake kule jikoni. Ya tatu ndiyo dhaifu, majani yameshachoka. Unaijaza sukari na mnanaa mpaka inakuwa kama sharubati. Watu wengi wakifika hapo wameshaondoka zao, na ya tatu wanapewa watoto. Mimi naipenda. Niliimimina juu chini juu chini mpaka ikatoa povu, nikainua bilauri.

"Diop!"

Nusura niiangushe. Mzee alikuwa amefungua macho, amenyoosha kidole, na sauti ilikuwa ile ile ya zamani.

"Diop mlafi! Hata hiyo unakunywa?"

"Nakunywa, Ndiaye. Unataka nikuombe ruhusa, mtumwa wangu?"

"Weka chini! Kila Jumamosi nakwambia! Ya tatu si yako, ya tatu ni ya karatasi za mkeo! Unamalizia tumboni, halafu mama wa watu anatoka jikoni kukutafuta na bakuli mkononi. Jamani, mmewahi kuona? Diop anakunywa mpaka maji ya kulowekea!"

Alianza kucheka peke yake, kicheko chembamba. Mimi sikucheka, na kwa mtani hilo ni kosa. Nilikuwa nimekaa na bilauri hewani. Sajenti Diop, nilimwona waziwazi, mzee mnene na singlendi yake, jiko lake la mkaa nje ya mlango wa mgahawa, anachemsha chai toka adhuhuri mpaka magharibi kama wastaafu wote wa mji huu. Na mke ndani anangoja ya tatu. Odile mwenyewe lazima alipita juu ya lile birika kila siku ya utoto wake. Nani anaangalia birika la chai? Liko kila mlango.

Yacine alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, chembe za karoti mpaka kwenye nyusi.

"Amesema nini?"

"Umesikia alichosema."

Alikuja akanipokonya bilauri. Akachukua na birika. Hakusema asante.

Nilimfuata. Zile alizokwisha kuviringa alizisukuma pembeni. Alimimina chai kwenye sinia, akaongeza maji kidogo, akapitisha karatasi moja. Ilipolainika ilikuwa na kivuli cha hudhurungi, na jikoni kote kukanukia mnanaa na sukari iliyoungua kidogo. Aliviringa haraka haraka, bila kupumua, nikimkatia mimi nyuzi za tambi. Mara ya kwanza alizikaanga kwa moto mdogo, akazitoa, akazipumzisha. Mara ya pili zikavimba kidogo na kutoa malengelenge madogo madogo kwenye ngozi, kama ilivyokuwa kwa Mama Thi, jambo ambalo tulikuwa tumelisahau sote mpaka tulipoliona.

"Onja," alisema.

"Asionje mtu. Peleka."

Alizipanga kwenye sahani, saladi upande mmoja, mnanaa upande mwingine, kibakuli cha sosi katikati. Nilitaka kuibeba mimi sahani, akanikatalia kwa macho.

Mzee alikaa sawa. Aliokota kitambaa chake mwenyewe kutoka chini, akakitandaza. Alichukua nem moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaivunja akaisikiliza inavyovunjika. Akaifunga kwa jani, akachovya, akauma. Tulisimama pale kama watu wanaongoja majina ya mtihani yasomwe. Alitafuna. Alifumba macho. Pua ilimpanuka kidogo.

Akachukua ya pili.

Alikula taratibu, kwa adabu, akifuta midomo kila mara. Alikula ya tatu. Alipofika ya nne alianza kuongea, lakini na hewa, jinsi watu wanavyoongea wakishiba: kwamba joto leo limepungua, kwamba feni ya hapa inapiga kelele, kwamba Mama Thi amerudi mwenyewe, alhamdulillahi, alikuwa anamtia wasiwasi. Yacine alijibu "ndiyo mzee," "ni kweli mzee," mikono nyuma, kama mhudumu aliyezoea kazi. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni na sauti yake haikubadilika hata kidogo. Sijui alifanyaje.

"Umeshiba, mzee?"

"Nimeshiba. Mungu akubariki." Aliitazama sahani. Zilibaki mbili. "Dada, hizi nifungie."

"Za mkeo?"

"Mke wangu atakula hapa akija. Hizi za nyumbani. Nina binti, mdogo tu. Tukitoka Jumamosi halali. Bibi yake anamlaza, yeye anaamka anakuja kukaa mlangoni kutungoja." Aliinama kidogo, akapunguza sauti, kwa sababu huyu sasa alikuwa mhudumu anayemwamini. "Mama yake hataki ale vya mafuta usiku. Mimi namletea kwa siri."

Yacine alichukua sahani. Nilidhani ataidondosha.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Yacine."

"Jina zuri."

"Na yeye ni mzuri. Mkaidi, lakini mzuri. Sosi usinitilie, inamwagika kwenye koti."

Alizifunga kwa karatasi ya gazeti, akampa. Mzee aliziweka mfuko wa ndani wa koti, akapapasa juu yake kuhakikisha zipo, akaanza kuinuka. Nilimpa mkono. Alisimama akapepesuka, kisha akapata miguu yake, akaanza kutembea kuelekea ndani. Niligeuka kumtafuta Yacine na Yacine hakuwepo. Alikuwa ameshapita mlango wa jikoni, amezunguka kwenye ukumbi, amekaa chini kwenye kizingiti cha chumba cha baba yake, magoti yamekunjwa, khanga imefunika miguu, mwanamke wa miaka arobaini na zaidi, ana mvi za pembeni.

Mzee alifika akasimama mbele yake. Nilikuwa nimemshika kiwiko. Alimtazama kwa muda. Akaingiza mkono ndani ya koti.

"Bado hujalala wewe," alisema. "Haya. Kula upesi zikiwa moto, na mdomo ufute."

"Ndiyo, baba," Yacine alisema.

Alipita juu ya miguu yake, taratibu, akishika fremu ya mlango, akaenda kujilaza na koti lake mwilini. Yacine alifungua gazeti pale pale chini akala, zote mbili, bila kunikaribisha, na akafuta mdomo kwa upande wa mkono. Mimi nilirudi jikoni kukaanga zilizobaki, kwa sababu mafuta yalikuwa bado ya moto na kesho adhuhuri, badala ya kwenda hospitali, mzee angekuja tena kula.